Rambo lipi?

Jumapili tulikuwa tunapanga sanduku la marehemu mama. Chini kabisa, chini ya khanga zake za harusi, tukakuta vyeti vyake vimefungwa ndani ya rambo jeusi, mikono yake imepigwa fundo. Binti yangu akalivuta. Likatoa ile sauti yake kavu.

"Baba, hii nini?"

"Rambo."

"Rambo ndiyo nini?"

Ana miaka sita. Mifuko ile ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Juni 1, 2019, yeye hajazaliwa. Nikamwambia zamani tulibebea kila kitu humo, nyama, robo ya sukari, vitumbua vya moto. Akasikiliza kidogo, akarudi kwenye khanga. Mimi sauti ile ilikuwa imeshanirudisha kwenye boti ya mjomba.

Masika ya 2008. Nimemaliza kidato cha nne, sina pa kwenda, mjomba kanichukua kuvua. Usiku ule tulikuwa nje ya kisiwa cha Bongoyo, Dar es Salaam, tukapata vibua vya kutosha, na alfajiri tukageuza kuelekea soko la samaki la Feri tuwahi mnada. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Tulipokaribia usawa wa Daraja la Salenda maji yakabadilika rangi, yakawa kama chai ya maziwa. Mto Msimbazi ulikuwa unashusha kila kilichotupwa kwenye mitaro kuanzia huko juu hadi Jangwani: chupa, kandambili, godoro zima, na marambo yasiyohesabika.

Kwanza ule mchirizi wa maji unaotoka ubavuni mwa mashine ukakatika. Kisha harufu ya kuungua. Mjomba akazima haraka, akachungulia nyuma, akatukana tusi ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka. Rambo lilikuwa limejisokota kwenye panga la mashine, lile linalozunguka majini, na kuziba matundu ambayo mashine hunyonyea maji ya kujipoza.

Akavua shati. Akauma kisu, akashuka.

Boti ilikuwa inayumba, nami nimeshika kamba niliyomfunga kiunoni. Naona mgongo wake tu, unazama, unaibuka. Kila akiibuka anatema maji machafu, anavuta pumzi, anarudi. Vidole vyake vilitoka damu. Sijui ilichukua muda gani, lakini jua lilichomoza akiwa humo. Mwishowe akanyoosha mkono, akanikabidhi. Lilikuwa jeusi, limechanika vipande vinne, mkono mmoja bado mzima.

"Tupa huko," akasema.

Nikatupa.

Palepale, baharini, hatua mbili kutoka alipokuwa amening'inia akihema. Nikalitazama likijaa maji, likafunguka taratibu kama kitu chenye uhai, likazama huku linapumua. Nilikuja kusoma baadaye kwamba kasa humeza mifuko hiyo akidhani ni konyeza, yule kiumbe laini wa baharini anayefunguka na kujikunja, na kila nikiwaza habari hiyo naliona lile langu, kwa sababu kweli lilifanana.

Nilipomvuta mjomba ndani nilimuuliza kama hatujakosea. Hakukasirika. Alisema bahari haikai na uchafu, itautapika yenyewe. Na ni kweli huutapika. Huutapikia kwenye fukwe za Coco Beach na Kunduchi, miguuni pa watoto wa watu wengine.

Mnada tuliukosa. Vibua tuliuza kwa bei ya kutupa.

Marambo yameondoka, namshukuru Mungu kwa hilo, nami nilishangilia siku ile ya marufuku. Lakini masika haya nilipita Coco na binti yangu baada ya mvua, ufuko umejaa chupa za maji na vile vifuko vyepesi vya karanga. Kijana mmoja mbele yetu alimaliza soda, akaiweka chupa mchangani kwa upole kabisa, akaondoka. Aliiweka kama mtu anayerudisha kitu mahali pake. Nilitaka kumwita. Mdomo haukufunguka, nikaiokota mwenyewe, na binti yangu akaniuliza kama ni yetu.

Jumapili jioni nikampigia mjomba. Bahari ameiacha, miguu inamsumbua. Tukasalimiana, nikamkumbusha asubuhi ile ya Salenda. Mashine anaikumbuka, hata fundi aliyeitengeneza na alichomlipa. Nikamuuliza kama analikumbuka lile rambo.

"Rambo lipi, mjomba?" akasema. "Tulikuwa tunayakata kila siku."