Kengele ya saa nne na mtoto mwenye usonji

Ukiuliza mtoto mwenye usonji (autism, hali ya kuzaliwa inayoathiri namna anavyopokea sauti, mguso na maneno) anakwamia wapi shuleni, wengi watakutajia hisabati au insha. Mara nyingi anakwamia katikati ya vipindi: ringi ya gari inagongwa, watoto sabini wanainuka kwa pamoja, madawati yanaburuzwa, na hakuna aliyemwambia kinachofuata. Hisabati ya baada ya uji inamkuta amekwisha choka.

Anzeni na ratiba ya picha. Kata kipande kirefu cha boksi, chora picha sita za siku hiyo (mstarini, Kiswahili, uji, hisabati, michezo, nyumbani), uzibane kwa vibanio vya nguo. Kipindi kikiisha, mtoto mwenyewe abandue picha na kuitia kwenye bahasha. Mwenyewe, si mwalimu. Mkono wake ndio unaomwambia kwamba jambo limekwisha. Ongeza picha ya saba yenye alama ya kuuliza kwa siku ambayo mwalimu hayupo au mvua imezuia michezo, na aoneshwe asubuhi. Kosa ninaloliona sana ni kuiondoa ratiba mtoto akishatulia. Jamani, ametulia kwa sababu ipo!

Akae safu ya mbele au ya pili, mwisho wa dawati upande wa ukuta, mbali na mlango. Dakika mbili kabla ya kengele aambiwe, na aachwe azibe masikio. Lebo ya shingoni ikatwe, na shati jipya lifuliwe mara mbili tatu kabla ya kuvaliwa. Kwa watoto wengine ile lebo ni upupu.

Halafu kuna lugha yetu wenyewe. Mwalimu akifoka "Rudia tena uone!", darasa zima linaacha. Huyu anarudia, kisha anamtazama mwalimu, anasubiri kuona. Anachapwa kwa kiburi, kumbe ametii neno kwa neno. Sema "Weka mikono mapajani." Sentensi moja, kitendo kimoja, kisha hesabu moyoni hadi kumi. Ukiwahi kurudia kwa maneno mengine, anaanza upya kuyapanga kichwani. Na "umeelewa?" haisaidii, atajibu ndiyo, mwambie akuoneshe.

Akilipuka, msidhani anadeka. Anayedeka huchungulia kama unamwangalia, na hunyamaza akipewa anachotaka; huyu hata umpe hawezi kujizuia. Watoe wenzake, punguza maneno, kaa kando bila kumshika. Inaweza kuchukua dakika ishirini au zaidi. Fimbo inaongeza maumivu na kelele juu ya vile vile vilivyomzidi.

Mitihani ya taifa Tanzania ina nafuu: Baraza la Mitihani (NECTA) humwongezea mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Shule iandike hali yake mapema, tangu usajili, kwa hiyo mzazi anayeificha kwa aibu anamnyima mwanawe. Ila muda wa nyongeza nao ni badiliko. Azoeshwe kwenye mitihani ya majaribio, miezi kadhaa kabla, kubaki amekaa wengine wakitoka. Asipozoeshwa, wenzake wakikusanya karatasi naye atakusanya, hata kama maswali matano hajayagusa.