Kamba ya Babu

Juzi Jumamosi nilimpeleka mwanangu ufukweni Sahare, hapa Tanga, akaone mashua zinavyokalafatiwa, na kabla hatujazifikia harufu ya sifa ilikwisha kutupokea. Mtoto akabana pua. Mimi nilisimama pale pale mchangani, viatu mkononi, kwa kuwa harufu ile ya mafuta ya papa, ambayo wengine huiita uvundo, ndiyo iliyokuwa katika kanzu ya Babu, katika mto wake wa kulalia, na ndiyo iliyokuwa ikibisha hodi kabla yake. Fundi mmoja alikuwa akishindilia pamba kwenye mwanya wa mbao, mwenzake akikoroga ndani ya debe deheni, chokaa na mafuta ya kupaka tumbo la mashua. Mwanangu, ambaye amelishwa visa vya Babu tangu ananyonya, akaniuliza kwa sauti ya puani: "Mama, kwani Babu Nahodha hakuwahi kuogopa hata siku moja?"

Visa hivyo mnavijua. Ni yule aliyekwenda Rufiji kupakia boriti akiwa hajaota ndevu, akafika Lamu na Kismayu kwa kusi na kurejea kwa kaskazi, akaacha kazi ya kubeba marobota ya mkonge bandarini kwa madai kwamba hawezi kupakia vyombo vya wenzake maisha yake yote. Kwetu Ngamiani hakuna arusi wala hitima inayokwisha bila mtu kusema kwamba mzee yule hakuwahi kugeuza chombo. Nami huitikia. Nimeitikia kwa miaka karibu 40 huku nikijua kwamba si kweli, maana siku aliyogeuza nilikuwamo chomboni.

Ilikuwa Julai 1986, nami nina umri wa miaka 10. Bibi ni mtu wa Wete, dada yake alikuwa mgonjwa huko, na goti lake mwenyewe halikumruhusu kupanda mashua, kwa hiyo nikateuliwa mimi kumpelekea doti la kanga na salamu ndefu ambazo nilizikariri kama sura ya chuoni. Mama alikataa katakata. Babu akamwambia: "Huyu ni mke wangu mdogo. Nani wa kunizuia kusafiri na mke wangu?" Mama akacheka, na aliyekwisha kucheka hawezi tena kukataa.

Tuling'oa nanga saa kumi za alfajiri, umande ukitusukuma kutoka bara, shehena ikiwa magunia ya viazi na vitunguu vya Lushoto. Nakumbuka taa ya kisiwa cha Ulenge ikibaki nyuma yetu, chai ya tangawizi katika kikombe cha bati, na Babu akinionyesha kwa kidevu mahali maji yanapoacha ukijani na kuwa buluu inayokaribia weusi. Kutoka pwani ya bara hadi Pemba ni kiasi cha kilomita 50 tu, akaniambia, lakini hapo katikati hakuna nanga itakayogusa chini, na mkondo unakimbilia kaskazini usiku na mchana, hata nahodha asiyeukadiria huenda akawa bado anaitafuta Pemba mbele ilhali imekwisha kumpita upande wa kulia. Aliyasema hayo kwa raha, kama mtu anayesimulia tabia za jirani.

Kisha kusini pakafunga. Mvua ilisimama juu ya maji mfano wa ukuta, rangi yake ya sufuria iliyopikiwa kuni, na ilikuja kwetu bila haraka yoyote. Baharia mkubwa aliikimbilia jarari, kamba ya kupandishia tanga, wakatua tanga, foromali, ule mti unaolibeba, ikashuka kwa kishindo kilichonitoa kilio, nalo wimbi la kwanza likapanda upande wa joshi, unakotoka upepo, likamwagikia magunia. Baharia wa pili alikwisha kuingia ngamani anafua maji kwa ndoo.

Babu aliniita tezini, alipokuwa amekamata kana ya usukani. Kwa mkono wake mmoja na meno alinifunga kiunoni kamba ya usumba, akaizungusha mara mbili, akakaza fundo hadi nyuzi zikanichoma juu ya gauni. Nilingojea aifunge ncha ya pili mlingotini, kama nilivyowahi kuona wakifungwa mbuzi wa Idi, lakini akaizungusha kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto.

"Babu, mbona hufungi kwenye chombo?"

"Chombo kikizama, mlingoti unazama nacho," alisema. "Mimi naogelea."

Aliyasema hayo bila kuniangalia, na uso wake ulikuwa uleule wa siku zote. Mvua ilipotufikia sikuweza tena kuuona uso huo, wala kofia yake, ambayo ilichukuliwa na upepo bila yeye kugeuka kuitazama. Kilichobaki kati yetu ni kamba. Nayo ilikuwa ikitetemeka. Mwanzoni nilidhani ni chombo, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kikitikisika, lakini mtikisiko wa mashua huja na wimbi na kuondoka nalo, na huu ulikuwa mdogo, wa haraka, usiokatika, kama uzi wa tiara unavyotetemeka kidoleni wakati upepo umeushika huko juu. Niliweka kiganja juu ya kamba ili niwe na hakika. Nikafuata kwa vidole hadi kwenye mkono wake, na mkono ule, ambao nilikuwa nimeuona ukitoa mwiba wa taa mguuni mwa mtu bila kusita, ulikuwa ukitetemeka.

"Geuza," Babu akasema.

Baharia mkubwa alidhani hakusikia vizuri. "Nahodha, hii inapita."

"Geuza, nimesema."

Magunia sita ya viazi yalitupwa baharini. Mvua ilipita kweli, na tulipoiona Ulenge tena jua lilikuwa limetoka, kanga za dada yake Bibi zikitiririka maji mapajani mwangu. Hakuna aliyezungumza. Mabaharia wale wawili hawakumhadithia mtu, na sababu yao siijui hadi leo. Nyumbani Babu alisema tu kwamba upepo umekataa, akamlipa mwenye viazi, na kabla ya kaskazi kuanza akawa ameuza mashua.

Familia husema ni macho, kwamba mtoto wa jicho alikwisha kuanza. Huenda. Aliishi miaka 11 baada ya hapo, na asubuhi nyingi za miaka hiyo alinisindikiza shule hadi nikaanza kuona haya mbele ya wenzangu, nikimwomba aishie kwenye kona ya duka. Alikuwa akiishia hapo kweli, nami nikigeuka namkuta bado amesimama, mikono nyuma.

Miaka michache baada ya mazishi nilimuuliza Bibi kama ni macho kweli. Alikuwa akikuna nazi. "Macho gani?" akasema. "Sindano ikianguka mkekani, aliiokota yeye." Nikangojea aendelee, naye akaendelea na mbuzi yake, akanitazama mara moja kwa jinsi ambayo sikuipenda, kisha akaniomba nimpe kifumbu.

Basi, pale Sahare, nilimjibu mwanangu kwamba ndiyo, siku moja aliogopa. Akaachia pua yake kwa mshangao.

"Aliogopa nini?"

Nikamwambia twende tukaione deheni kabla haijakauka.