Taa za Krismasi nje ya nyumba: boksi langu halina sakafu

"Kaka, ziba kila kitundu, hata pumzi isipite." Ushauri huo wa boksi la kukinga umeme wa taa za nje nilipewa na fundi, na wengi bado wanaurudia. Mimi naukataa, na nina sababu.

Nyumbani kwetu ni Kibosho, juu ya Moshi. Desemba watu wanarudi kutoka Dar na Arusha, kila mtu anataka kihamba, yaani shamba la nyumbani, kiwake, na ndiyo miezi ya vuli. Taa zenyewe huvumilia mvua. Zinazokufa ni adapta na kile kidude cha kubadilisha mwako. Boksi alilonifungia fundi lilikuwa kopo la plastiki la chakula, limepakwa silikoni pande zote. Nilipolifungua baada ya sikukuu, matone yalining'inia ndani ya mfuniko na shaba ilikuwa imeota ukijani. Mchana jua na adapta hupasha hewa ya ndani, mvua ikipiga ghafla hewa ile hupoa na kusinyaa, ikafyonza maji kupitia upenyo mdogo kabisa kando ya waya. Yakishaingia hayana pa kutokea. Halafu silikoni yenyewe ilikuwa ile inayonuka siki, na asidi yake inakula shaba. Ukinunua, nusa kwanza, au uliza ile isiyo na asidi.

Sasa natumia bomba la PVC la inchi 4, kipande cha kama sentimita 40. Fundi bomba mmoja alinipa mabaki bure, mfuniko nilinunua kwa elfu chache tu. Mfuniko unagundishwa juu, chini panabaki wazi. Ndiyo, wazi kabisa! Maji hayapandi juu yenyewe, na unyevu una njia ya kutoka.

Kilichonifurahisha zaidi ni namna ya kuning'iniza vitu humo ndani bila kutoboa juu. Nilipasua ukanda mrefu wa plastiki kutoka bomba lilelile, nikaifunga adapta na kidude chake kwenye nusu ya juu kwa kamba za plastiki za kufungia nyaya, nikausukuma ukanda wote ndani kutokea chini, kisha skrubu moja tu karibu na mdomo ikaushika. Tundu la skrubu liko chini ya umeme wote, kwa hiyo hata likivuja, maji yanadondoka nje. Nyaya zote hushuka kwanza chini ya mdomo, zinapinda, ndipo zinapanda kwenda kwenye mparachichi. Bila kipindo hicho tone lingefuata waya mpaka ndani. Mdomoni nilifunga kipande cha neti ya mbu, kwa sababu mijusi na sisimizi wanapenda sana mahali penye joto.

Kabla ya kuunganisha umeme nilijaza karatasi za chooni ndani, nikalifunga bomba kwenye nguzo ya baraza na kulipiga maji ya mpira kutoka kila upande. Karatasi za chini zililowa kidogo, za juu zilitoka kavu. Ndipo nikajua adapta ikae wapi. Bomba lenyewe likae juu, lisifikiwe na maji yanayoruka kutoka ardhini, na kivulini kama unaweza. Adapta yangu ni ndogo, ya volti 12. Zile kubwa zinazochemka zinataka bomba pana zaidi.

Ekstensheni ya volti 230 nayo usiiache kwenye majani: pale plagi inapokutana na soketi pia pameingia ndani ya bomba la namna hiyo, na kwenye ubao wa umeme nina swichi inayokata umeme ukivuja miliampia 30. Hiyo sikuifunga mwenyewe, nilimwita fundi umeme, na hapo sibani hela.

Mkesha mvua ilimwagika mpaka watu wakachelewa kurudi kutoka kanisani, taa zikiwaka tu. Baba ameshachukua kipande kilichobaki, anataka kukitumia kwa taa ya banda la ng'ombe.