Siku niliyoombwa nitoke nje

Mwanangu ana miaka 11. Usikivu ulimpotea akiwa na miaka 2, baada ya homa ya uti wa mgongo. Mwaka jana alirudi likizo kutoka shule ya bweni, nikaona si yule niliyempeleka. Hali chakula, halali usingizi, anajigonga kichwa ukutani. Stima ikipotea anapiga mayowe hadi majirani wanakuja, maana gizani mikono haionekani, na kwake huko ndiko kukatwa ulimi.

Hospitali tuliyoanzia, daktari aliniambia mimi: "Muulize, ana huzuni?" Mikono ikaniganda. Ishara nilizokuwa nazo ni za kula, kuoga, njoo, acha. Ya huzuni sikuwa nayo. Mtoto akanikazia macho, mikono mbiombio, nyusi juu. Daktari akaandika kwamba ni mkali. Tukatoka na vidonge vya usingizi.

Ilipita miezi 4 kabla ya kumpata mshauri nasaha ambaye mwenyewe ni kiziwi, pamoja na mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Kwanza waliniomba nitoke nje. Niliumia sana. Mimi ndiye mama yake!

Baadaye, kwa ruhusa ya mtoto, walinieleza. Bibi yake alipelekwa hospitali akafia huko, tukamzika mtoto akiwa shuleni. Aliporudi alikuta kitanda hakipo. Sisi msiba tuliuzungumza kila jioni, naye amekaa katikati yetu, na hakuna aliyemwambia neno. Akaamini tumempeleka bibi mahali pasiporudi watu, na kwamba zamu yake inakuja. Nami nikamshika mkono, nikampeleka hospitali. Nyusi zikipanda hivyo, katika lugha yao, ni swali. Alikuwa akiniuliza: nitarudi nyumbani?

Watoto viziwi zaidi ya 9 kati ya 10 wana wazazi wanaosikia, wengi wetu tukiwa na ishara chache za jikoni. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali iikuze Lugha ya Ishara. Basi mkalimani awepo kwenye chumba cha daktari wa akili, mzazi asigeuzwe mkalimani. Kuna mambo mtoto hawezi kuyasema kupitia kwa mama yake.

Jumamosi nilimpeleka kaburini. Akagusa pua, pale bibi alipovaa kipini. Ndilo jina alilompa. Akaonyesha udongo, nyusi juu.

Nikaitikia kwa kichwa.