Mama aliniuliza spea za mzee zina thamani gani

Miezi mitatu baada ya kumzika fundi aliyenifundisha kuishughulikia Volkswagen Beetle yangu ya 1962, mke wake, ambaye namwita mama, alinipigia simu akaniomba nipite. Nyuma ya nyumba kulikuwa na stoo ambayo mzee aliijaza spea kwa zaidi ya miaka thelathini. Tukiwa mlangoni mama akaniambia, "Mwanangu, yule wa chuma chakavu ameshakuja na mizani yake. Jirani naye ananiambia nisiuze hata nati, eti humu kuna utajiri. Wewe una gari la aina hii. Niambie ukweli, vitu hivi vina thamani gani?"

Sikuwa na jibu. Nilijua kuzifunga spea zile, lakini kujua kuifunga spea si kujua bei yake. Nilimwomba wiki mbili, naye akanipa ufunguo.

Siku ya kwanza nilikosea. Nilikaa na simu nikiangalia matangazo ya watu wanaouza spea za Beetle, nikawa naandika kila bei niliyoiona. Hadi jioni, kwa hesabu ile, stoo ilikuwa na thamani ya kununua gari zima lililotengenezwa likatengenezeka. Kisha nikaanza kurudia matangazo yaleyale kila asubuhi. Vitu vya bei kubwa havikutoka. Vilivyotoka ni vile ambavyo mwenyewe alikubali kushuka, mara nyingine hadi nusu. Bei iliyo kwenye tangazo ni matumaini ya muuzaji, na mama hakuniuliza matumaini. Nikaifuta orodha yote, nikaanza upya kwa kuandika tu kile ambacho mtu amekitolea pesa kweli.

Kuna jambo jingine lililokuwa likinipotosha: kudhani kwamba kitu kikizeeka kinakuwa adimu. Beetle zilitengenezwa 21,529,464, ya mwisho ikitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003. Gari la namna hiyo bado linatengenezewa spea mpya nyingi. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila kitu nilichokishika likawa: je, mpya ipo, na inakaa vizuri? Klachi mpya ipo na inafanya kazi, basi klachi iliyotumika haina bei. Madigadi mapya nayo yapo, ila niliyowahi kuyafunga mimi yalikuwa ya bati jepesi na matundu ya bolti hayakulingana. Nilishinda siku nzima nikiyavuta. Madigadi ya mzee yalikuwa na kutu pembeni, lakini bati lake lilikuwa zito na umbo lake halijapinda. Hayo niliyapa bei nzuri, nikatoa gharama ya kuchomelea.

Ndipo ilipozaliwa hesabu niliyoitumia hadi mwisho. Chukua bei ya kitu hicho kikiwa kimekamilika na kinafanya kazi. Toa kila gharama ya kukifikisha hapo. Kisha toa tena kiasi kwa ajili ya lile usiloliona.

Kutambua kitu ni cha nini kulinichukua siku nyingi kuliko kukipangia bei. Namba za Volkswagen husaidia: kundi la kwanza likianza na 1, mara nyingi kitu ni cha Beetle, 2 ni cha basi dogo. Kundi la pili huonyesha kitu kinakaa wapi: 1 injini, 3 giaboksi, 8 bodi, 9 umeme. Rimu zimegongwa mwezi na mwaka. Mtu anayerudisha gari la 1962 katika hali yake ya kiwandani atalipa zaidi kwa rimu za 1962 kuliko za mwaka mwingine, hata kama zinafanana machoni. Stata nazo karibu zinichanganye. Gari la volti 6 lina flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo stata hulizungusha, yenye meno 109, la volti 12 lina meno 130, na stata ya moja haishikani vizuri na flaiwili ya nyingine. Kumuuzia mtu stata bila kumuuliza gari lake ni la volti ngapi ni kumwibia.

Kazi kubwa ilikuwa injini. Palikuwa na makasha matano ya injini, yaani bodi inayobeba kila kitu ndani yake, na kranki saba, ile shafti inayozungushwa na pistoni, na hapo ndipo wengi hudanganyana, kwa sababu kranki iliyosuguliwa ikapakwa mafuta inang'aa ileile, nzuri na mbovu. Nilikwenda na maikromita, kipimo cha unene mdogo sana. Shingo kuu za kranki, zile sehemu zinazozunguka ndani ya beringi, kwenye injini ya 1200 ya miaka ile ni takriban milimita 55. Zikichongwa hushuka kwa hatua ya milimita 0.25. Kranki yenye 54.75 bado ina maisha mbele yake. Yenye 54.25 imeshachongwa mara tatu, na fundi yeyote makini atauliza beringi zake zitapatikana wapi. Kati ya saba, mbili zilikuwa hazijaguswa. Hizo mbili zilizidi thamani ya tano zilizobaki zikijumlishwa.

Makasha yana ugonjwa wao. Yametengenezwa kwa aloi ya magnesi, nyepesi lakini laini, na kranki ikikimbizwa miaka mingi huyagonga pale beringi ya kati inapokaa hadi tundu linapoteza uduara. Hilo linatibika kwa kuchonga upya njia nzima ya beringi, kazi ya mashine, na gharama yake lazima ikatwe kwenye bei. Ufa ni habari nyingine. Huja nyuma ya silinda ya tatu, karibu na flaiwili, silinda ambayo kwenye injini hizi zinazopozwa kwa upepo hupata moto zaidi kwa kuwa kipoza mafuta kimekaa kwenye njia ya upepo wake. Niliyaosha yote, nikaangalia kwa tochi.

Kabureta za Solex nilizipima kwa kutikisa tu ekseli ya kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Ikicheza, hewa inapenya, na gari halitatulia hata ubadilishe jeti zote. Inahitaji bushi mpya. Mipira ya breki, hata ile ambayo haijatolewa kwenye karatasi yake, niliitupa. Raba huoza ikiwa imelala, na breki si mahali pa kubana matumizi.

Nilimsomea mama daftari lote. Nilimwambia nitanunua kranki moja na madigadi kwa bei niliyoandika, vilivyobaki nitamuuzia, kila mnunuzi aje kuchukua kwake ili aone pesa inavyoingia. Akaniuliza, "Na jasho lako?" Nikamwambia nimeshalipwa na mzee. Alinyamaza kidogo, akasema basi chakula utakula hapa.

Kasha moja lilirudi. Mnunuzi alilipeleka kuchongwa, na baada ya kuchemshwa vizuri ufa mwembamba kama unywele ukaonekana palepale pa silinda ya tatu. Nilikuwa nimelitazama na sikuuona. Pesa yake nilimrudishia kutoka mfukoni mwangu, maana kosa lilikuwa la macho yangu, si la mama. Tangu siku ile sikuuza kasha lolote kabla ya kulichemsha.

Kilichonishangaza ni ndoo mbili nilizoziandika "vitu vidogo": bolti, vibanio vya mapambo ya mlango, vishikio vya vioo, skrubu zenye kichwa kisichotengenezwa tena. Niliziwekea bei ya kufidia ndoo. Watu walizichambua kipande kwa kipande, kwa sababu hakuna anayejisumbua kuviiga upya vizuri, na gari zima linaweza kusimama likikisubiri kibanio kimoja.

Chini ya ndoo ya pili mlikuwa na jozi ya vile vishale vya kuonyesha upande, vinavyochomoka kwenye nguzo ya mlango, ambavyo Beetle iliviacha 1960 ikahamia taa za kuwaka na kuzima. Kijana mwenye Beetle ya 1957 alikuja na betri ya volti 6. Aliunganisha nyaya juu ya meza ya mama. Cha kwanza kiligoma. Cha pili kilitetemeka, kikainuka, na taa yake ndogo ikawaka rangi ya chungwa.

"Hiki alikitengeneza usiku," mama akasema. "Nilimkatalia asiwashe taa, akatumia mshumaa."

Kijana akauliza bei. Mama hakumjibu bado. Alimwomba akiinue tena.