Mita Sitini Kutoka Wapi?

Mei 2024 ziwa lilifungwa. Kuanzia tarehe 15 ya mwezi huo hadi 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Nia ilikuwa njema, na wavuvi wengi walikiri wenyewe kuwa migebuka imepungua. Ila ukipita mwalo wa Ujiji siku zile ulikuta vijana wenye nguvu zao wamejipanga kwenye kingo za mitumbwi wanacheza karata, taa za sola zimerundikwa ndani, na mgeni yeyote mwenye daftari anaangaliwa kwa jicho la pembeni.

Ziwa lenyewe nalo lilikuwa limefura. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 zilikuwa zimepandisha maji, na huko Kibirizi na Katonga watu walikwisha kuhama nyumba. "Wametukataza kulifuata ziwa, sasa lenyewe linatufuata sebuleni," alisema mama mmoja mwanika dagaa ambaye nitamfikia baadaye.

Nilikuwa nafundisha jiografia kidato cha tatu katika sekondari moja ya pale Ujiji. Mwanafunzi wa Ujiji ukimwamsha usiku wa manane atakutajia kuwa Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na kwamba duniani linazidiwa na Baikal tu. Muulize maji hayo yanatokea wapi, ananyamaza. Na si kosa lake. Elimu yetu ya maji kwa sehemu kubwa ni mabango, na mabango yenyewe yameandikwa "Maji ni uhai", kana kwamba kuna mtu Kigoma aliyewahi kubisha.

Basi kabla ya likizo ya Juni niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule nikawatoa nje. Nilimpata pia afisa wa maji, kijana mpole aliyekuja na pikipiki, futikamba ndefu na daftari lililokunjika kwa kukaliwa. Tulianzia kwenye jumba la kumbukumbu la Livingstone, chini ya miembe, mahali ambapo Stanley alimkuta mzee yule mwishoni mwa 1871. Niliwaambia washuke hadi ziwani wakihesabu hatua. Walifika na hesabu tofauti kabisa, warefu wakiwashutumu wafupi kwa kuongeza chumvi, lakini zote zilikuwa mamia ya hatua. Hapo ndipo nilipotaka tufike, maana Livingstone hakukaa mbali na maji kiasi hicho. Enzi zake ziwa lilikuwa jirani.

"Kwa hiyo limehama?" aliuliza binti mmoja.

Limehama kweli, na sababu yake iko ng'ambo. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, pale ilipo Kalemie ya leo upande wa Kongo. Katikati ya karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na mchanga na majani, maji yakawa yanaingia bila pa kutokea, ziwa likapanda mwaka hadi mwaka. Mnamo 1878 kizuizi kikapasuka. Mmisionari Edward Hore, aliyekuwa akiishi hapa hapa Ujiji, alifika Lukuga mwaka uliofuata akakuta maji yanatoka kwa kasi. Kufikia miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kwa takriban mita kumi, na ufuko ukaiacha Ujiji ya zamani nyuma.

Afisa alidakia hapo na kusema jambo lililowashangaza zaidi. Hata leo mlango uko wazi, lakini sehemu kubwa ya maji yanayoondoka ziwani haipiti Lukuga. Yanapanda juu na jua. Akawaambia waliokuwa na kalamu wapige hesabu: eneo la ziwa ni kilomita za mraba 32,900 hivi, je, likipanda mita moja limeongeza maji kiasi gani? Ikatoka karibu kilomita za ujazo 33. Mita moja tu! Na hayo hayatoki yote kwenye mvua ya Kigoma. Mto Malagarasi unakusanya kutoka mbali, hadi Tabora, ambako Mto Ugalla unaileta sehemu yake. Kila mwaka ziwa huanza kupanda mvua zinaposhika, hufika kileleni karibu na Mei, kisha hushuka mpaka Oktoba. Mwaka ule lilipanda na kupitiliza.

"Jua linachukua maji peke yake," akaongeza. "Udongo unaoletwa na Mto Luiche, sabuni, oili ya injini, hivyo halivichukui. Vinabaki."

Kijana wa nyuma akanyoosha mkono. "Kwa hiyo tunaoga maji aliyooga Livingstone?"

"Mengine ni hayo hayo," alisema afisa bila kucheka.

Tulipofika mwaloni somo likatoka mikononi mwangu. Pale kulikuwa na nyumba zenye alama ya X kwa rangi nyekundu, zilizopigwa na watu ambao hawakukaa kueleza. Afisa wetu akaanza kufafanua: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, mtoni au kwenye bwawa. Alitamka "za kudumu" kwa kukaza, na alikuwa na haki ya kukaza, kwa sababu kichanja cha dagaa na nyumba ya tofali si kitu kimoja. Mvuvi mmoja akaziweka karata zake chini.

"Mita sitini kutoka wapi, kaka?"

"Kutoka kwenye maji."

"Maji ya lini? Januari yalikuwa kule." Akaonyesha kwa kidevu mahali mitumbwi ilipoelea. "Leo yako hapa tulipokaa."

"Pale yanapofika yakijaa kabisa."

"Yakijaa mwaka huu, au 1964?" Huyo alikuwa mzee aliyekuwa akishona wavu ambao hakuwa na pa kuupeleka. Alisimulia zile mvua zilizoanza mwaka wa uhuru, zikafuatana mpaka 1964 ziwa likapanda kupita yote aliyoyaona, kabla ya haya. Wanafunzi wangu walikuwa wamemzunguka, na mmoja wao, mtoto ambaye darasani hasemi neno, akapaza sauti: "Au 1871! Basi hata mwembe wa Livingstone upigwe X!"

Walicheka mpaka wacheza karata. Afisa naye alicheka, akakaa ukingoni mwa mtumbwi na kufunga daftari. Nilimpenda kwa hilo. Wapo ambao wangekasirika, wakataja kifungu cha sheria na faini. Yeye alisema mpaka wa ziwa si kama wa kiwanja, kwamba mita 60 zimewekwa kwa sababu hiyo hiyo, kuliachia ziwa nafasi ya kupanda na kushuka bila kumkuta mtu kitandani. Kwa mawazo yangu sentensi ile ingetangulia rangi nyekundu, nusu ya ugomvi usingekuwepo.

Ndipo yule mama akasema, "Kama mmekuja kupima, njooni mpime kwangu."

Alipanga vyumba viwili vya mbele kabisa. Vichanja vyake vya dagaa vilikuwa vimeanikwa nguo za watoto. Kwenye ukuta wa nje, karibu na mlango, palikuwa na mistari ya mkaa, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na tarehe pembeni, zote za Ijumaa. Ya chini kabisa ilikwisha kumezwa na ukungu wa kijani na vikonokono vilivyong'ang'ania plasta. Ya juu ilikuwa karibu na kizingiti. Afisa aliinama akaipitia kwa kidole, na nadhani alikuwa amesahau kuwa sisi tupo. Akamuuliza nani alimfundisha.

"Mwenye nyumba," alisema mama.

Kumbe walikuwa na makubaliano: maji yakigusa kizingiti, kodi hakuna mpaka yarudi. Mama alichora ili kujilinda. Mwenye nyumba, ambaye aliitwa na watoto kabla hatujamaliza kusalimiana, alikuwa na lake. Ile mistari ni ya mawimbi, alisema. Jioni upepo wa kusini ukivuma wimbi linarukia ukutani, mama anachora pale liliporukia. Maji yenyewe bado.

Sijawahi kupata swali la mtihani zuri kama lile, na mtunzi hakuwa na habari kuwa ametunga. Nikawauliza wanafunzi: utajuaje ziwa liko wapi wakati halitulii? Wakakisia mengi, mpaka kungoja usiku wa manane. Afisa akaomba ndoo. Ililetwa ndoo tupu ya rangi, akatoboa matundu madogo karibu na kitako kwa msumari uliochomwa motoni, akatia jiwe ndani na kuisimamisha kwenye maji yaliyofika kiunoni mwa mvuvi aliyeishikilia. Nje ya ndoo maji yalipanda na kushuka yakipiga kelele. Ndani yaliinuka taratibu, yakashuka taratibu, halafu karibu yatulie. Kwenye vituo vya kupimia kina, alisema, wanafanya vivyo hivyo kwa bomba kubwa lililosimamishwa.

Sasa usawa ule wa ndani ya ndoo utafikishwaje mlangoni? Hapo wavuvi walitupita wote. Mmoja wao hufanya ufundi ujenzi ziwa linapofungwa, akakimbia kwake akaleta mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, ule mafundi wanaojaza maji kupata usawa wa msingi. Alifukuza mapovu kwa kuugonga na kucha, kwa subira, povu moja baada ya jingine, huku akimfokea kila aliyeukanyaga. Ncha moja ikashikwa kwenye ndoo, nyingine kwenye fremu ya mlango. Wanafunzi walipiga magoti kwenye tope na sare zao, nami nikajua nitapata simu za wazazi.

Maji yalisimama chini ya kizingiti, kiasi cha vidole viwili.

"Mmeona?" alisema mwenye nyumba.

"Nimeona," alisema mama. "Lakini usiku yanaingia. Wimbi si maji?"

"Wimbi ni upepo."

Darasa liligawanyika. Wavulana wengi walikuwa upande wa mwenye nyumba, kwa sababu ya mpira. Wasichana walitaka kujua kama godoro lililolowa kwa upepo linakauka lenyewe. Afisa aliulizwa aamue, akasema kipimo chake kinasoma maji yaliyotulia, ila kwa upande wa kulala hana kipimo. Mwishowe waliachiwa wazee. Yule mshona wavu alisema kodi ilipwe nusu kwa miezi ambayo maji yapo ndani ya vidole vinne kutoka kizingiti. Mwenye nyumba alikubali kwa kuguna. Mama alisema hiyo nusu akaidai kwa upepo, lakini baadaye nilisikia aliilipa.

Shule ilipofunguliwa Julai wanafunzi kadhaa waliendelea kwenda pale kila Ijumaa jioni na ndoo ile ile, wakaandika usawa kwenye daftari na kuuchora ukutani kwa rangi badala ya mkaa. Ziwa lilikuwa linashuka, polepole. Aliyekuwa wa kwanza kuja kuuliza namba za wiki ni mwenye nyumba, na mama naye hakumruhusu azisome mpaka mwanafunzi mmoja awepo kushuhudia.