Kupanda Sewanee kwa Ajili ya Timu ya 1899

Dereva wa teksi alisimamisha gari katikati ya mlima wa Sewanee, Tennessee, huko Marekani, akasema bei imepanda kwa sababu ya ukungu. Tulikuwa tumepatana Chattanooga kabla begi halijaingia butini. Nilipomkumbusha, akazima injini. Ukungu ulikuwa mzito kweli, hata ukingo wa barabara huuoni, na pale hapakuwa na pa kushukia. Nikalipa. Kwa fedha ile ningekwenda Mbeya kwa TAZARA, nikarudi Dar na kula njiani. Bado inaniuma.

Inauma zaidi kwa kuwa zamani treni ilifika huku juu. Reli iliyopanda kutoka Cowan, mji ulio chini ya mlima, iling'olewa. Sehemu yake sasa ni njia ya waenda kwa miguu. Na mimi nilikuja kwa ajili ya safari ya treni ya timu ya zamani.

Mwaka 1899 chuo kikuu cha hapa Sewanee, chuo kidogo tu, kilicheza mechi 12 za mpira wa Kimarekani, kikashinda zote, pointi 322 kwa 10. Hizo 10 zilitoka kwa chuo cha Auburn peke yake. Meneja alikuwa mwanafunzi, Luke Lea. Baada ya kugombana na chuo cha Vanderbilt juu ya fedha za kiingilio, mechi ile ya mapato makubwa ikafa, naye akapanga ziara ya kucheza na vyuo vingine ili kuziba pengo. Alhamisi, Novemba 9, waliwafunga Texas 12-0 mjini Austin. Ijumaa, Texas A&M 10-0, Houston. Jumamosi, Tulane 23-0, New Orleans. Jumapili wakapumzika. Jumatatu, LSU (chuo cha jimbo la Louisiana) 34-0, Baton Rouge. Jumanne, Mississippi 12-0, Memphis. Maili kama 2,500 za reli, wachezaji 21, na sheria za wakati ule zilikuwa kali: ukitolewa, hurudi tena uwanjani. Kurusha mpira mbele hakukuruhusiwa, kwa hiyo kila hatua ilikuwa ya kugongana miili. Mimi nikishuka TAZARA magoti huwa yamekufa ganzi, na sijagongwa na mtu.

Uwanjani nilimkuta mzee akitembeza mbwa. Alinisimulia habari ya viatu kana kwamba ni ya juzi: treni imeshaondoka, Lea anagundua viatu vya mchezo vimebaki stesheni. Ikapigwa telegramu, vikatumwa nyuma yao. Mapipa ya maji ya chemchemi ya mlimani hayakusahauliwa; hawakutaka matumbo yao yajaribiwe na maji ya ugenini.

"Mzee, kulikuwa na mchezaji mweusi?"

"Hapana, bwana. Chuo hakikuwapokea."

Waasisi wa mahali hapa walimiliki watumwa. Nilisimama kando ya uwanja ule nikiwaheshimu vijana wale kwa uvumilivu wao, huku nikijua mtu kama mimi asingepewa hata benchi. Yote mawili ninayashika.

Chumba cha kulala kilikuwa ghali na baridi. Usiku nikaifikiria timu ya shule yetu Iringa, tulivyopanda lori la mahindi kwenda Njombe na Mafinga, tukacheza vumbi likiwa bado machoni. Hakuna aliyeandika tulishinda ngapi. Nimempigia aliyekuwa nahodha wetu. Njombe anaikumbuka bao kwa bao, ila juu ya Mafinga tunabishana, na golikipa tunamtafuta.